Gramu Kumi za Chuma

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi mke wangu aliingia chumbani na simu mkononi akasema mdogo wake amefungiwa kwenye depo. Saa hiyo naijua kwa hakika, kwa sababu nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nikiijaza saa yangu ya mkono, ile ya zamani isiyotumia betri, kazi ninayoifanya kila asubuhi kwa wakati uleule.

"Wanasema ameiba," alisema. "Kilo moja."

"Kilo moja tu?"

"Kilo moja katika kila gunia, Papa! Kila gunia! Wanampa mpaka saa tisa, kisha wanamupeleka kwa wenye silaha."

Nilimwomba arudie maneno ya ndugu yake kama alivyoyasema. Alinitazama kwa hasira.

"Mudogo yangu anakufa, na wewe unafanya masomo."

Nilivaa viatu. Kuna jambo lilikuwa limenishika na halikuniachia njia nzima: katika kila gunia, kilo moja. Nimewajua wezi wengi wa mizani. Sijawahi kumjua aliye na usawa wa namna hiyo.

Mimi ni fundi wa mizani. Sikusoma kazi hii shuleni. Shule niliiacha mapema, baba alipofariki. Niliisoma katika kitabu cha fizikia cha Kifaransa, kilichokosa kurasa za mwanzo, nikiwa na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa juma. Natengeneza mizani za wachuuzi wa viazi, za bucha, na zile za zahanati wanazopimia watoto wachanga. Nilikuwa pia na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, madogo, sahihi, niliyoyanunua misheni fulani ilipofunga duka lake la dawa. Hayo ndiyo yalikuwa macho yangu. Juma lile mji wetu ulipoingia mikononi mwa wenye silaha, karakana yangu ilivunjwa na sanduku likaenda. Sijui aliyelichukua aliyafanyia nini.

Shemeji yangu ni mpimaji. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, na mimi ndiye niliyemfundisha. Ni mtu msafi kupita kiasi. Sufuria za nyumbani kwake, anazozisugua mwenyewe hata mke wake akimkataza, zimekuwa nyembamba hivi kwamba dada yake humtania: "Chakula kinaiva kabla ya kuwasha moto." Kwetu Goma kila nyumba inasugulia sufuria mchanga mweusi wa volkano, maana haununuliwi na uko kila mahali, chini ya miguu. Lakini yeye ameufanya kuwa dini.

Depo anakofanya kazi ni ghala la koltani, madini ya kutengenezea simu. Yanatoka milimani upande wa Masisi, mawe madogo meusi na mchanga mzito, mgongoni mwa watu, kisha kwenye pikipiki, kisha kwenye lori. Yakifika depo yanapimwa, mchimbaji au mjumbe wake analipwa, gunia linajazwa mpaka kilo hamsini kamili na kushonwa mdomo. Kisha magunia yanavuka mpaka, mwendo mfupi kuliko kutoka kwangu mpaka sokoni, na kule yanapimwa tena.

Nimesoma mengi kuhusu maslahi ya nchi jirani katika vita vyetu. Nayasoma kama nilivyosoma fizikia, polepole na kalamu mkononi. Jirani anasema ana maadui waliojificha katika misitu yetu na hawezi kulala mlango ukiwa wazi. Upande wetu unasema anachotaka ni kilicho chini ya ardhi. Nimeona wanaume wazima wakirushiana viti kwa swali hilo, na pande zote mbili zilikuwa na vielelezo. Mimi sihukumu nisichokipima. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba gunia linavuka likiwa la Masisi, na likifika ng'ambo linapata cheti kipya cha kuzaliwa. Wakati huohuo viberiti, sabuni, maziwa ya pakiti, na siku hizi, tangu benki za mji zifungwe, hata pesa zetu wenyewe, tunazifuata kule kule. Mtu akiwa na mkono katika mifuko yako yote miwili, ni vigumu kusema anatafuta nini.

Zamani niliwahi kuitwa Bunagana, kwenye mpaka ule mwingine, kurekebisha mizani ya mfanyabiashara wa maharagwe. Huko niligundua kwamba gunia moja lilikuwa na uzito wa aina tatu: wa mkulima, wa ushuru, na wa mnunuzi wa ng'ambo. Katika zote tatu aliyepoteza alikuwa mkulima. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari na kuliona kuwa sheria ya dunia, kama zile za kwenye kitabu changu.

Moto, yaani pikipiki ya abiria, ilinifikisha mtaa wa Himbi kabla ya saa moja na nusu. Depo ni jengo la mabati nyuma ya ukuta wa mawe meusi, mtaa wa watu wenye nafasi, bustani upande huu na waya wa miiba upande ule. Uani kulikuwa na watu watatu.

Mwenye depo, ambaye wote humwita Mama Patron, ni mjane wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani za babu zao. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kilemba kimefungwa kwa haraka, tasbihi mkononi. Mbele yake alisimama mnunuzi, mwanaume wa miaka arobaini hivi kutoka ng'ambo ya mpaka, shati limepigwa pasi, viatu vyeupe ambavyo vumbi letu lilikuwa halijavigusa. Kwenye ngazi alikaa afande, mmoja wa hao wanaoushika mji sasa, bunduki imelala mapajani, anakula muhindi wa kuchoma.

"Huyu ndiye fundi?" mnunuzi aliuliza.

"Ndiye," alisema Mama Patron. "Na ni shemeji ya mwizi wako. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha."

"Basi amekuja kumutetea."

"Nimekuja kutazama mizani," nilisema. "Nikiona shemeji ameiba, nitasema ameiba."

Afande aliacha kutafuna. "Muzee, na bibi yako atakupikia leo?"

Walicheka, hata Mama Patron. Mimi sikucheka, ila nilishukuru. Watu wakicheka asubuhi bado kuna muda.

Niliomba kumwona shemeji. Walinifungulia chumba cha kuhifadhia magunia matupu. Alikuwa amekaa sakafuni, hajapigwa, mikono ameikunja chini ya makwapa.

"Shemeji," aliniambia, "naapa mbele ya Mungu. Sikugusa hata punje moja."

"Najua. Unapima vipi?"

"Kama ulivyonifundisha. Mchana na jioni, vilevile, sibadilishi kitu."

Niliondoka na jibu hilo, na sikulielewa mpaka saa tatu nzima zilipopita.

Nilianza na baskuli. Ni mizani ya jukwaa: chini kuna sahani kubwa ya chuma ya kuwekea gunia, juu kuna mkono mwembamba, na mwishoni mwa mkono hutundikwa jiwe, yaani kisahani kizito cha chuma. Mkono umetengenezwa ili gramu moja juu ibebe gramu mia moja chini. Jiwe la gramu mia tano linasimama sawa na gunia la kilo hamsini. Hii ndiyo siri yote ya mizani hizi, na hatari yake pia: kosa dogo juu ni kubwa chini.

Nililaza sahani ya maji juu ya jukwaa kuona kama sakafu imelala sawa. Goma hakuna kilicholala sawa, tumejenga juu ya moto uliopoa, lakini sakafu ile ilikuwa nzuri. Nikafungua visu ambavyo mkono unaegemea. Vilikuwa vikali na safi. Nikapima gunia tupu. Nikashika koltani mkononi kuona kama ina unyevu unaoweza kukauka njiani. Ilikuwa kavu.

"Fundi," mnunuzi aliniita, "ninyi huku munapenda sana kutafuta sababu. Mizani yenu inasema hamsini. Mizani yetu inasema arubaini na tisa. Katikati kuna mutu mumoja. Nini hapo haieleweki?"

"Labda ni mizani yenu inayodanganya!" Mama Patron alidakia. "Kila kitu kikivuka kinapungua. Watu wakivuka wanapungua, magunia yakivuka yanapungua. Sisi tumezoea."

"Mama, yetu ni ya umeme. Ina namba."

"Na yangu ina Mungu!"

Nilimuuliza mnunuzi kama alikuwa na karatasi za upimaji wa kule. Alikuwa nazo zote, tangu depo ilipofunguliwa tena baada ya mapigano, kwenye bahasha, kwa mpangilio wa tarehe. Kwa mara ya kwanza nilimpenda kidogo. Nilikaa juu ya debe nikazisoma moja moja, Mama Patron akihema nyuma ya kichwa changu. Safari za mwanzo tofauti ilikuwa kiasi cha ngumi ya mchanga kwa gunia, kitu ambacho hakuna anayekigombania. Miezi ikienda ikawa robo kilo. Kisha nusu. Safari hii ya mwisho, magunia sitini, ilikuwa kilo moja, na magunia yote sitini yalikuwa yamepungua sawa, yakitofautiana kidogo tu kama kawaida ya mkono wa binadamu.

"Mwizi wa namna gani huyu?" nilimuuliza mnunuzi. "Anaanza na ngumi moja, anaongeza kidogo kidogo kwa miezi, hasahau gunia hata moja, hana siku ya njaa wala siku ya hofu. Mwizi anachukua kilo tano katika gunia moja na kukimbia."

Alizirudisha karatasi zake kwenye bahasha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Muzee, mimi sina haja ya kufunga mutu. Mimi nina bosi. Bosi anataka jina au anataka sababu. Unipe kimoja kabla mpaka haujafungwa."

Hapo nilielewa kilichokuwa mezani. Maslahi ya watu wale hayakuwa katika shemeji yangu, awe hai au amekufa. Yalikuwa katika magunia kuendelea kutembea. Jina lingewatosha. Sababu ingewatosha zaidi, kwa kuwa jina halirekebishi mizani. Lakini ilikuwa lazima niwape sababu wanayoweza kuishika kwa mikono yao, maana neno la shemeji wa mtuhumiwa lina uzito wa manyoya.

Kilichobaki kupimwa lilikuwa jiwe lenyewe. Nililishika kiganjani. Liling'aa kama kioo. Alama ya namba yake, iliyopaswa kuwa na kina cha kucha, ilisomeka kwa shida. Niligeuza upande wa pili, nao ulikuwa hivyohivyo. Lakini kushika si kupima. Na mawe yangu ya shaba hayakuwapo tena.

Nilimwomba mlinzi wa lango aninunulie bomba la sindano la mililita ishirini kwenye duka la dawa, na chupa mbili za maji za nusu lita, za aina moja. Nilitoa pesa yangu mwenyewe, kwa makusudi, ili mtu asije akasema vifaa ni vya fulani.

"Munaona?" afande alisema. "Tunatafuta koltani, yeye anatafuta kiu."

"Maji hayana uraia, afande," nilimjibu. "Ukitaka tutayachota ziwani, yanagusa nchi zote mbili. Lita moja ni kilo moja huku, na lita moja ni kilo moja kule. Hakuna wa kuyapa mulungula."

Nilichukua fito iliyonyooka, nikaitundika katikati kwa uzi kwenye boriti ya paa. Nilimwaga maji ya chupa zote mbili katika beseni, nikazipangusa, nikatundika moja kila upande. Fito ilisimama sawa. Nilimwita mnunuzi aje atazame kwa karibu, naye akaja, akachuchumaa, viatu vyeupe vikaingia vumbini. Kisha nikampa bomba la sindano.

"Wewe ndiye utakayepima," nilisema. "Ishirini, mara ishirini na tano. Uhesabu kwa sauti."

Alihesabu. Nadhani alianza kwa dhihaka, lakini kuhesabu kuna nguvu yake. Alipofika kumi alikuwa makini, akiinua bomba mpaka usawa wa jicho, akifukuza povu la hewa kwa ukucha. Mama Patron alihesabu naye, tasbihi ikisogea kidoleni punje kwa punje. Kwenye kumi na saba wawili hao walitofautiana, mmoja akasema kumi na saba, mwingine kumi na nane.

"Ni kumi na saba, mama."

"Unaniibia tena?"

"Mama, tasbihi yako imeruka."

"Tasbihi ya marehemu baba yangu haijawahi kuruka!"

Afande ndiye aliyeamua. Alikuwa amehesabu kimoyomoyo, kumbe, kwa kupanga punje za muhindi kwenye ngazi. Zilikuwa kumi na saba.

Bomba la ishirini na tano lilipoisha, chupa moja ilikuwa na nusu lita ya maji, gramu mia tano. Upande wa pili, chini ya chupa tupu, nilifunga jiwe la mizani kwa uzi. Niliachia polepole.

Jiwe lilipanda. Maji yalishuka.

Nilimwomba mnunuzi aanze kuyanyonya maji kidogo kidogo mpaka fito ilale sawa. Alitoa mililita tano, bado. Nane; fito ilianza kurudi. Kwenye alama ya kumi, katikati ya bomba, fito ilisimama, ikatikisika na upepo, ikasimama tena.

"Gramu kumi," nilisema. "Jiwe limepungua gramu kumi. Juu ni gramu kumi. Chini, mara mia moja, ni gramu elfu moja."

"Kilo," alisema mnunuzi.

"Kilo moja. Katika kila gunia. Sawasawa."

Tulipima pia jiwe dogo, lile la kupimia kilo ishirini. Nalo lilikuwa limepungua, kwa kiasi chake. Mnunuzi aliinuka, akajipangusa magoti, akauliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja na kuliogopa.

"Sawa. Nani amelipunguza?"

Nilisema aletwe shemeji. Aliletwa, akipepesa macho kwa mwanga. Nilimuuliza mbele yao, "Mawe haya unayatunza vipi?"

Uso wake ulifunguka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kumuuliza jambo analolijua.

"Nayasugua," alisema. "Paa inavuja, na mvua yetu iko na moshi wa volkano, inakula chuma. Leo ukiacha jiwe, kesho liko na kutu. Kwa hiyo mchana nasugua, na jioni kabla ya kufunga nasugua tena. Na mchanga mweusi, ule mulaini. Halafu naosha, napangusa. Hakuna siku nimeacha. Hata siku ya mazishi ya mujomba, nilikuja nikasugua, nikaenda."

"Nani alikwambia uyasugue?" aliuliza mnunuzi.

Shemeji alinitazama. Alikuwa na adabu ya kutosha kunyamaza. Lakini nilikumbuka vizuri. Nilikumbuka hata mahali tulipokuwa tumekaa. Nilikuwa nimemwambia kwamba kutu ni uzito, kwamba jiwe lenye kutu ni shahidi wa uongo, na kwamba kazi ya kwanza ya mpimaji ni kuweka mawe yake safi. Yote hayo ni kweli, yako katika kitabu. Sikuwa nimemwambia kwamba kutu ni chuma chenyewe kilichobadilika, na kila ukiiondoa umeondoa chuma. Nilidhani anajua kipimo cha usafi. Nilikuwa nimeona sufuria zake, nikazicheka, na sikufikiri zaidi.

"Ni mimi," nilisema. "Nilimwambia ayaweke safi. Sikumwambia aishie wapi."

Afande alisimama, akakung'uta punje za muhindi. "Basi tukufunge wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi asubuhi ile, hilo halikuwamo. Nilisikia pikipiki ikipita nyuma ya ukuta, nikaisikiliza mpaka ikapotea.

Aliyeniokoa ni Mama Patron. Alianza kucheka. Alicheka polepole, kisha kwa nguvu, mpaka akashika kilemba kisianguke.

"Ngojeni," alisema. "Ngojeni kwanza. Mimi nikinunua, ninapima na mizani hii hii. Mtu wa Masisi akileta arubaini na tisa, mizani inasema hamsini, ninamulipa hamsini. Halafu ninakuuzia wewe hamsini. Mimi sikupoteza, sikupata. Huyu mutoto hakupata hata mchanga wa kusugulia." Alimnyooshea mnunuzi kidole. "Kilo zako, baba, hazikuibiwa. Ulizinunua bila ya kuziona. Pesa yako iko milimani. Imekuwa chumvi, imekuwa mafuta, imekuwa karo. Nenda uidai!"

Nilimwona mnunuzi akipiga hesabu, naye aliniona nikiipiga. Kwa miezi ile yote mizani ilikuwa imekosea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi ilikuwa imekosea kwa faida ya mwenye kuchimba. Niliikumbuka sheria yangu ya Bunagana. Nimerudi baadaye kwenye daftari nikaiwekea alama ya kuuliza.

Mwishowe alicheka pia, kicheko kifupi cha mtu anayejua kwamba bosi hatacheka. Aliniomba niandike sababu kwa mkono wangu, kwa Kifaransa, na jinsi tulivyopima, ili aipeleke. Niliandika ukurasa mmoja. Alichukua chupa mbili, bomba la sindano na jiwe lenyewe, akavifunga katika gazeti kama vyombo vya sakramenti.

"Wataamini?" nilimuuliza.

"Watapima," alisema. "Wakipima, wataamini." Kisha, akiwa tayari kwenye gari, alishusha kioo. "Muzee, kule kwetu tuna mizani nyingi. Njoo ufanye kazi. Utalipwa vizuri."

Hata mimi, basi, nilikuwa na kitu cha kuvuka nacho. Nilimwambia asante, na kwamba mizani za huku bado zinadanganya vya kutosha kunimalizia miaka yangu. Hakuudhika.

Saa saba kasoro dakika tano afande alimwambia shemeji, "Toka, mutu wa usafi." Hivyo tu. Hakuna karatasi, hakuna samahani. Vita hivi vilianza kabla shemeji hajazaliwa, na sijui ni wangapi waliopotea ndani yake kwa sababu hakukuwa na mtu wa kupima. Sijidanganyi kwamba haki ilimtoa. Kilichomtoa ni kwamba watu wenye maslahi walihitaji mizani nzuri kuliko walivyohitaji mwizi, na siku nyingine wanaweza kuhitaji kinyume chake. Nalijua hilo. Lakini tulipotoka nje ya lango na jua likatupiga usoni, nilivuta pumzi mpaka chini kabisa ya mapafu, na nikagundua kwamba tangu saa kumi na mbili sikuwa nimevuta pumzi namna ile.

Shemeji aliomba tusimame kwenye kibanda anywe Fanta. Aliishika chupa kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "sasa mawe nitayafanyia nini?"

"Utayapaka mafuta kidogo na kuyafunika. Mchanga usiuguse tena."

"Na sufuria?"

"Sufuria utazungumza na mke wako."

Nyumbani dada yake alimshika masikio yote mawili kama mtoto, akamtikisa, akalia, akamtukana, akampa ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Halafu alinigeukia. "Na wewe, ulipata jibu la masomo yako?" Nilisema nimelipata. Alinikatia kipande kikubwa cha ugali kuliko kawaida, na hiyo kwake ni hotuba.

Juma lililofuata jiwe lilirudi kutoka ng'ambo bila ya barua. Nililijaza madini ya risasi yaliyoyeyushwa kwenye tundu lake la chini mpaka likatimia, nikilipima kwa maji, na Mama Patron alinilipa ujira wa kawaida. Shemeji bado anapima. Jioni ya siku shemeji alipoachiwa, niliandika kwenye daftari kilichopotea siku ile kwa upande wetu. Moto ya kwenda, franga elfu mbili. Bomba la sindano, elfu moja. Maji, chupa mbili, elfu mbili. Fanta moja, elfu moja na mia tano. Moto ya kurudi, watu wawili juu ya kiti kimoja, elfu tatu. Jumla, franga elfu tisa na mia tano.